Mama anataka kupelekwa Kerala kutolewa sumu mwilini, nami nina hofu

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Unguja. Ninaishi Maskati na mume wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye tulimleta hapa baada ya baba kufariki. Bi Mkubwa ana miaka 67. Huu ni mwaka wake wa kumi na nne na kisukari cha ukubwani, ana presha, na magoti yanamsumbua kiasi kwamba siku hizi anasali akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa ajili ya sukari anatumia metformini na gliklazidi, na kwa ajili ya presha ana kidonge kilichochanganywa na dawa ya kukojoza. Mwezi uliopita daktari alituambia kuwa figo zake zimeanza kupungua nguvu. Hali si mbaya sana, lakini tuwe waangalifu.

Ghorofa ya chini yetu inakaa familia ya Kikerala, yaani kutoka Kerala huko India, ambayo tunaelewana nayo sana. Mama wa nyumba hiyo alikwenda kwao mwaka jana katika msimu wa mvua, akakaa siku 21 katika kituo cha tiba ya Ayurveda, utabibu wa jadi wa Kihindi, akafanyiwa kile wanachokiita panchakarma, akarudi amepungua mwili, ngozi inang'aa, na anapanda ngazi bila kushika ukuta. Tangu siku hiyo mama hana neno jingine. Anasema mwili wake umejaa takataka za vidonge vya miaka 14, na ananikumbusha kwamba hata wazee wetu walikuwa wakitunywesha haluli ili matumbo yasafike. Kaka yangu aliyeko Dubai amekubali kulipa gharama zote, na amekwisha kuwasiliana na kituo kimoja, ambacho si kile alichokwenda jirani yetu.

Kituo hicho kimetutumia karatasi ya maelezo. Imeandikwa humo kwamba sumu zote zitatoka, kwamba wagonjwa wengi wa kisukari hurejea makwao wakiwa wameacha vidonge, na kwamba mgonjwa asimamishe dawa zote za hospitali siku tatu kabla ya kuanza. Hawakuuliza lolote kuhusu figo. Juu ya hayo, kaka ametuma kichupa cha unga wa kijivu uitwao bhasma, eti wa kuutayarisha mwili, na juzi nimegundua kuwa mama amekuwa akiulamba kwa asali kila asubuhi kwa wiki tano sasa. Siku hizi analalamika kuwa tumbo linamkata na choo ni kigumu, na mwenyewe anafurahi kwa kuwa anaamini ndizo sumu zinajikusanya tayari kutoka.

Nikikataa, ninaonekana ninambania mama yangu. Nikikubali, kisha akaharibikiwa huko ugenini, sitajisamehe. Je, tiba hii ni ya kweli au ni biashara tu? Na nizungumze vipi na mama bila kumvunjia heshima?

Binti wa Bi Mkubwa, Maskati

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina jambo la leo na jambo la kuamua taratibu, na la leo ni ule unga. Usisubiri safari wala usisubiri kaka yako akubaliane nawe. Mzuie mama asiulambe tena, chukua kichupa pamoja na karatasi yake, mpeleke hospitali, na uwaambie waziwazi kuwa ametumia bhasma kwa wiki tano na kwamba unaomba apimwe kiwango cha madini ya risasi katika damu, pamoja na figo na wingi wa damu. Unga wenyewe usiutupe, maana huenda wakataka kuupima. Na mpaka majibu yatoke, asipewe haluli wala sanamaki kwa ajili ya hicho choo kigumu, hata akikuomba mwenyewe.

Bhasma maana yake ni majivu. Katika tawi la Ayurveda liitwalo rasashastra, madini kama zebaki, risasi, chuma na shaba huchomwa tena na tena pamoja na majimaji ya mimea mpaka yawe unga laini, kwa imani kwamba moto na mimea huyaondolea ukali na kuyageuza dawa. Kwa hiyo mara nyingi madini hayo hayakuingia kwa bahati mbaya wala kwa uchafu wa kiwanda, bali yamewekwa kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vya dawa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Mwaka 2008 walichapisha vipimo vya dawa 193 zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, na safari hii moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo; kwa zile za rasashastra peke yake, zilikuwa mbili katika kila tano. Mwaka 2012 ikatolewa taarifa ya wajawazito sita wa jiji la New York waliopatikana na sumu ya risasi kutokana na dawa za aina hiyo. Risasi ikizidi mwilini hukata tumbo, hufunga choo, huchosha, hupunguza damu na huumiza figo, na figo za mama yako hazina nguvu ya kupoteza. Sisemi kwamba tayari amedhurika, kwa kuwa choo kigumu kwa mtu mzima mwenye kisukari kina sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba dalili anazozifurahia, akidhani ni sumu inayojitayarisha kutoka, huenda zikawa za sumu inayoingia.

Sasa tuzungumze kuhusu safari. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na panchakarma nimeiona kwa macho yangu, kwa sababu nilimsindikiza mdogo wangu Kerala alipokwenda kutibiwa mgongo na magoti. Siwezi kukuambia kuwa ni uzushi, kwa kuwa nilichokiona kilikuwa ni utabibu wenye utaratibu, wenye kanuni, na wenye watu waliosomea. Wala siwezi kukuambia kuwa kila anayeuza jina hilo anaufuata utaratibu huo, na hiyo karatasi uliyotumiwa inanionyesha kuwa hawa hawaufuati.

Asubuhi ya pili, kabla jua halijachomoza, mhudumu aliingia chumbani mwetu na kikombe kidogo cha stili kilichofunikwa. Ndani yake mlikuwa na samli ya vuguvugu iliyopikwa na mitishamba michungu, yenye rangi ya kijanikijani, kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Mdogo wangu aliziba pua kwa pindo la kanga, akainywa kwa mkupuo mmoja, akapewa maji ya moto ya kushushia, akaambiwa asilale wala asile kitu mpaka njaa ya kweli imjie yenyewe. Njaa hiyo ilikuja baada ya adhuhuri, na alichopewa ni uji mwembamba wa mchele. Kesho yake kikombe kilikuwa kimejaa zaidi, na keshokutwa zaidi ya hapo. Hatua hii huitwa snehana, yaani kulainisha, nayo huchukua kati ya siku tatu na saba mpaka mafuta yaonekane hata chooni. Hufuatwa na kutolewa jasho kwa mvuke, kama tunavyojifukiza sisi. Wao huamini kwamba uchafu uliogandamana katika viungo hulainishwa na samli, huyeyushwa na joto, hurudi tumboni, kisha hapo ndipo hutolewa. Kila asubuhi daktari alikuja kumtazama ulimi, kumuuliza choo kilikuwaje na usingizi ulikuwaje, na kuandika. Baada ya yote kuna siku kadhaa za kurudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, kuanzia maji ya wali, kisha uji, kisha wali laini, ndipo vyakula vya kawaida. Anayeruka sehemu hiyo ya mwisho kwa sababu ya kuwahi ndege hajafanya panchakarma, amejitesa tu.

Jina panchakarma maana yake ni matendo matano. Kwa hesabu inayojulikana zaidi, matendo hayo ni kutapishwa, kuharishwa, kuingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa, kutiwa dawa puani, na kutolewa damu, mara nyingine kwa ruba. Msingi wake ni kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu, ambazo kwa tafsiri ya karibu ni upepo, nyongo na kohozi, na kwamba chakula kisichosagika vizuri huacha utando wanaouita ama, ambao ndio hiyo sumu inayotajwa. Kutapika huondoa kohozi, kuharisha huondoa nyongo, na dawa ya nyuma hutuliza upepo. Mzee wa pwani hatayashangaa haya hata kidogo. Sisi tuna haluli na sanamaki, tuna chuku, tuna kufukiza na kusinga, na tukisema fulani amezidiwa na balghamu au safura tunatumia lugha tuliyoipata katika utabibu wa Kiarabu, ambayo inashabihiana sana na hiyo ya Wahindi. Hata mafuta ya mbarika, ambayo bara huitwa mafuta ya nyonyo, hutumika Kerala kwa kazi ileile aliyokuwa akiyatumia bibi yako. Kwa hiyo mama yako hakosei anapoona ujamaa baina ya mambo haya. Anapokosea ni pale anapodhani kuwa kilichomfaa mtoto wa miaka saba mwenye tumbo lililojaa embe bichi kitamfaa mtu wa miaka 67 mwenye figo zilizochoka.

Tuanze na hizo takataka za vidonge, kwa sababu naona ndizo zinazomsukuma. Huo utando wa ama hauonekani katika kipimo chochote cha maabara. Ni namna ya Ayurveda ya kueleza uzito, uchovu na ulimi mweupe, nami naiheshimu kama maelezo. Lakini mabaki ya dawa ni jambo linalojulikana, na hayajirundiki kama anavyodhani. Metformini hupita mwilini bila kubadilishwa na kutolewa na figo, na kwa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi vizuri sehemu kubwa ya kidonge cha leo huwa imekwisha kutoka kesho. Gliklazidi huvunjwavunjwa na ini. Figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, sawa na madebe tisa, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa mkojo wa lita moja au mbili wenye kile kisichotakiwa. Hiyo ndiyo panchakarma ambayo Mwenyezi Mungu amemuwekea mama ndani ya mwili wake, na inafanya kazi usiku na mchana. Ukitaka kumsaidia aondoe sumu, kazi ya kwanza ni kuzilinda figo hizo zisikaukiwe na maji.

Na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Katika maandiko ya kale ya Ayurveda kuharishwa hupimwa kwa idadi ya kwenda chooni: mara 10 huhesabiwa kuwa usafishaji hafifu, mara 20 wa kati, na mara 30 ndio kamili. Fikiria mama yako anakwenda chooni mara 20 kwa siku moja, tena kwa magoti yale, akiwa hali kitu isipokuwa maji ya mchele. Kidonge chake cha presha chenye dawa ya kukojoza kinaendelea kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo wakati tumbo nalo linatoa kwa njia yake. Presha inashuka ghafla, anaanguka. Potasiamu inapungua, na moyo unaweza kwenda mrama. Damu haifiki vizuri kwenye figo, metformini inashindwa kutoka, na ikijirundika katika hali hiyo inaweza kuifanya damu iwe na asidi nyingi, jambo ambalo ni la dharura. Gliklazidi nayo hailali kwa sababu mgonjwa amefunga; inaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) katika kile kipimo chenu cha nyumbani, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na asipopewa kitu kitamu haraka anaweza kupoteza fahamu. Katika kituo kisicho na watu waliosomea, jasho hilo na mtetemo huo huambiwa kuwa ni sumu zinatoka. Nimeuguza watu waliopoteza fahamu kwa namna hiyo nyumbani kwao, bila hata kufika India, kwa funga na haluli tu.

Upande wa pili, kusimamisha dawa zote kwa siku tatu kama karatasi ilivyoagiza kunaacha sukari na presha zipande bila mtu wa kuziangalia, na kiharusi hakisubiri. Zipo dawa za mama ambazo zinapaswa kupunguzwa au kusimamishwa siku ambayo mtu anaharisha au hali, na zipo ambazo haziguswi, na anayejua ipi ni ipi ni daktari anayemtibu, aliye na majibu ya figo zake mkononi. Amri ya jumla inayomhusu kila mgonjwa, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuliza anatumia dawa gani, si ya kufuatwa.

Labda utaniambia kuwa ninasema kwa kiburi cha hospitali. Basi waache wenye tiba yao waseme. Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda ambacho mafunzo yao yanakirejea mpaka leo, kinaorodhesha watu wasiofaa kutapishwa, na wazee na wadhaifu wametajwa humo. Tena kina mlango mzima kuhusu madhara yanayotokea kutapishwa na kuharishwa kukifanywa isivyopasa. Waliouanzisha utabibu huu hawakuona kuwa ni kitu cha kumpa kila anayekuja.

Hili nililiona pia kule tulikokwenda. Siku tuliyofika alifika mzee mmoja mwenye miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa moyo, amekwisha kulipia siku 21 kamili. Daktari, mwanamke wa makamo aliyevaa sari ya pamba, alizisoma karatasi zake zote za hospitali, akamwambia kwa upole kwamba hatampa samli wala dawa ya kuharisha, kwamba atapakwa mafuta mepesi ya miguu na kupewa chakula kisicho na chumvi nyingi, na kwamba kwanza angependa kuzungumza na daktari wake wa moyo. Mzee alikasirika sana, akasema kuwa ameibiwa. Mimi nilimwona daktari yule akikataa pesa iliyokwisha kuwekwa mezani, na tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu: ninamwamini tabibu anayejua nani wa kumkatalia.

Unaweza kujiuliza jirani yako alipataje nafuu ile. Alikaa siku 21 akila kidogo, akilala mapema, akisingwa kila siku, mbali na vitafunio na mawazo ya nyumba, na alipungua mwili. Mambo hayo yana nguvu yenyewe. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwishoni mwa 2017 uliwachukua watu 306 wenye kisukari cha aina ya mama yako, nusu yao wakapewa mlo mdogo sana wa kati ya kalori 825 na 853 kwa siku kwa miezi kadhaa, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya hao sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Hawakuharishwa wala kutapishwa; walipungua uzito. Lakini wote walikuwa na ugonjwa usiozidi miaka sita, na dawa zao zilisimamishwa kwa mpango na usimamizi wa madaktari. Mama yako yuko mwaka wa 14, na kwa muda huo kongosho huwa limekwisha kuchoka. Kupungua uzito kidogo kutamfaa yeye na magoti yake, na huenda daktari akapunguza vidonge, lakini ahadi kwamba atarudi bila dawa asiibebe moyoni, kwa sababu nitakayemhurumia ni yeye siku atakapoona imeshindikana.

Magoti ndiyo sehemu ambayo ninakubaliana na mama bila kusitasita. Huko Berlin walifanya utafiti wa watu 151 wenye magoti yaliyosagika, uliochapishwa mwaka 2018, ambapo kundi moja lilipewa tiba ya Ayurveda kwa wiki 12, yenye kusingwa, ushauri wa chakula, mitishamba na mazoezi ya yoga, na kundi jingine tiba ya kawaida ya hospitali. Kundi la Ayurveda lilipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na kutembea. Ni kweli kwamba wagonjwa walijua wanapewa nini, na anayesingwa vizuri huwa na matumaini ambayo mwenye kupewa kidonge hana, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa imetokana na hilo. Hata hivyo maumivu yaliyopungua ni maumivu yaliyopungua. Kerala wana njia za mafuta ambazo ni raha kuzitazama: kuna ile ya kumiminiwa mafuta ya vuguvugu mwili mzima huku watu wawili wakisinga, na kuna njavarakizhi, ambamo mchele wa aina maalumu hupikwa kwa maziwa na mitishamba, hufungwa katika vitambaa kama vikanda vidogo, na mgonjwa hukandwa navyo vikiwa vya moto. Mdogo wangu alitoka katika hicho akinuka kama mkate wa kumimina, na usiku ule alilala bila kugeuka. Tahadhari ni moja: mwenye kisukari cha muda mrefu huenda haisikii vizuri miguu yake, kwa hiyo kila cha moto lazima kijaribiwe kwanza kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili: safari inaweza kuwa, kituo hicho kisiwe. Na panchakarma kamili isiwe. Yawe mafuta, kukandwa, chakula, mazoezi na mapumziko, baada ya majibu ya risasi na figo kutoka na daktari wake wa Maskati kuridhia kwa maandishi. Zungumza na jirani yako akupe jina la daktari aliyemtibu. Daktari wa Ayurveda nchini India husoma shahada iitwayo BAMS kwa miaka mitano na nusu, mwaka mmoja kati yake ukiwa wa mazoezi, na wapo wanaoendelea na kubobea katika panchakarma yenyewe. Omba namba yake ya usajili, na anayestahili hatakasirika. Mtumie orodha kamili ya dawa za mama na majibu ya figo, kisha kaa kimya umsikilize ataanza na nini. Akianza kwa maswali, endelea naye. Akianza kwa bei, achana naye. Muulize pia kama wanapima sukari na presha kila siku, hospitali kubwa iko umbali gani, na umwambie kwamba hamtaki dawa yoyote ya rasashastra. Mambo ya viza ni mepesi. Tangu 2023 India ina viza maalumu kwa wanaokwenda kwa tiba hizi. Msimu wao mkuu ni mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua zinaponyesha, lakini kwa mtu mwenye magoti na ardhi inayoteleza ningechagua miezi mikavu.

Ama kuzungumza na mama, usianze na India wala usianze na hapana. Kaa naye wakati ametulia, umwambie: "Mama, nataka nikusindikize mimi mwenyewe." Neno hilo litamfungua kuliko takwimu zote nilizokuandikia. Kisha muulize ni kipi hasa anachokitaka kiondoke mwilini mwake. Mtu anayemeza vidonge vinne asubuhi na jioni kwa miaka 14 huchoka, na kuchoka huko kuna haki ya kusikilizwa. Huenda anataka tu kusujudu tena ardhini. Huenda anataka wiki tatu za kuhudumiwa yeye, baada ya miaka ya kuhudumia wengine. Mpelekeni pamoja kwa daktari wake, na aulize mwenyewe kama kuna kidonge kinachoweza kupunguzwa. Madaktari wengi hufurahi kuulizwa, na mara nyingine jibu huwa ni ndiyo.

Kaka yako ameonyesha mapenzi kwa namna aliyoweza, kwa pesa, akiwa mbali. Usimtumie maneno ya lawama katika simu. Mtumie picha ya kichupa pamoja na majibu ya hospitali, na umuombe hizo pesa za siku 21 azitenge kwa ajili ya kituo kingine. Na umuulize leo hii, kabla ya kitu kingine, kama kuna mtu mwingine katika familia aliyempelekea ule unga.